Kabla Kichwa Hakijauma

12 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako. Mimi ni mzima, kazi zinaendelea, na ule mguu nilioudondoshea katoni umepona hata sikumbuki ulikuwa wa kulia au wa kushoto.

Kipara amerudi na lori lake na habari zako. Anasema alipopeleka dawa za zahanati huko kwenu alipita kukusalimia, akakukuta mbele ya cherehani umejifunga kitambaa kichwani, umekikaza kama mtu anayefunga mzigo. Nikamuuliza, "Alisemaje?" Akajibu, "Alisema nisimwambie mtu." Unamjua Kipara. Gari lake lina breki nzuri, mdomo ndio hauna.

Mama, kwa nini hukuniambia? Kichwa kinauma tangu lini, na kinaumaje? Ningepiga simu lakini Kipara anasema umeifungia kabatini, kwamba ikilia ni kama mtu anapigilia msumari kwenye paji la uso. Basi tuandikiane. Kipara akipakia lori kuja huko, nitampa barua, nawe utampa yako.

Nilitaka kuja mwenyewe mwezi huu. Meneja amesema dawa za stoo zinahesabiwa na mtunza stoo hawezi kukosekana, na mtunza stoo ni mimi. Kwa hiyo badala yangu nimetuma vidonge. Ni hivi vyekundu, vina dawa ya maumivu pamoja na kafeini, kile kitu kilichomo kwenye kahawa, na watu wanasema vinafanya kazi haraka. Nimeandika kwa kalamu juu ya kila boksi: kimoja, baada ya kula. Usijikaze kama kawaida yako. Kikianza tu, meza. Usingoje kikolee.

Msalimie jirani yetu Redio, na umwambie habari hii si ya kutangaza.

Mwanao,
Kifungo


2 Februari

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Mimi ni mzima, na nyumba ni nzima. Redio amepokea salamu. Anasema watu waliompa jina hilo ndio wale wale wanaokuja kumuuliza habari. Anakukumbusha pia kuwa jina lako alikupa yeye, siku uliyomeza kifungo cha koti la mteja, nikashona kingine kisichofanana nacho, na mteja hakugundua mpaka leo.

Uliuliza kinaumaje. Kinabana. Chukua ile futi yangu ya kupimia, izungushe kwenye paji la uso, funga fundo kisogoni, halafu mtu awe anaivuta taratibu tangu asubuhi mpaka jioni. Hakichomi wala hakidundi. Kinabana tu, na shingo na mabega yanakuwa magumu kama ukosi uliotiwa wanga kupita kiasi.

Kilianza baada ya zile mvua, wakati lile dirisha la chumba cha kushonea lilipokwama. Mbao zimevimba, halifunguki, na mwanga unaingia kwenye ufa tu. Nashona nimeinama hadi Redio ananiuliza kama nguo naishona au nainusa. Ulisema siku ukija utaliranda. Si haraka.

Vidonge vimenisaidia. Kichwa kimepoa. Tena nimepata njia nzuri kuliko yako. Wewe ulisema nimeze kikianza. Mimi nameza asubuhi, kabla hakijaanza. Unaijua cherehani yangu, siingoji ilie ndipo niitie mafuta. Tone moja kila asubuhi kabla ya kukaa, na haijawahi kunigomea. Kichwa nacho nakifanyia hivyo hivyo.

Mwalimu mkuu ameleta oda ya sare za shule nzima. Kazi ipo.

Ukipata nafasi ya kuja, njoo. Usipopata, nitaelewa.

Mama yako


9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, Kipara ameshawasha gari na anapiga honi kama yeye ndiye bwana harusi.

U mzima? Mimi mzima. Nimefurahi sana kusikia kichwa kimepoa. Hiyo ya kutia mafuta kabla haijalia niliwasimulia wenzangu hapa stoo, wakacheka, lakini mmoja akasema, "Huyo mama angepewa kitengo." Endelea hivyo hivyo, usingoje maumivu. Nimekuwekea maboksi mengi zaidi ili usianze kubania. Nakujua, utavimeza nusunusu.

Mwezi huu tena siwezi kuja. Mwezi ujao, nikijaliwa. Dirisha nalikumbuka.

Mwanao,
Kifungo


18 Mei

Mwanangu Kifungo,

Marahaba ya ile shikamoo ya Machi. Kama umeniamkia tena tangu hapo na sikusikia, basi na hizo marahaba.

Mimi ni mzima. Kichwa ni nafuu. Vidonge vimebaki vichache, ndiyo maana naandika.

Nikupe kichekesho. Wiki iliyopita mwalimu mkuu alikuja kuchukua mashati ya kwanza. Akainua moja, akaligeuza, akaligeuza tena. Akasema, "Fundi, huyu mtoto ulimpima mwenyewe?" Nikaangalia. Shati lina mikono miwili ya kushoto. Nikamwambia, "Mwalimu, si ulisema mnataka watoto wanaoandika sana?" Akacheka mpaka akakaa. Lakini alipoondoka nilikagua mengine, na hilo halikuwa peke yake. Nimefumua mpaka vidole vimechubuka. Tangu nianze kushona, Kifungo, mkono wa kushoto na wa kulia sijawahi kuichanganya hata nikiwa nimefumba macho.

Sasa hivi naamka kichwa kikiwa kimeniamkia mimi kwanza. Kidonge kimoja hakitoshi tena, nameza viwili, na mchana navirudia. Usingizi umekuwa mwepesi, na tumbo linawaka juu, hapa chini ya kifua. Redio anasema ni vidonge. Redio pia alisema mvua isingenyesha.

Mimi nadhani ni hizi sare. Maana vidonge vyenyewe ni vizuri. Nilipovikosa kwa siku mbili kabla Kipara hajapita na vile vya Machi, kichwa kilikasirika vibaya sana, mpaka nikakaa sakafuni. Redio akapata viwili mahali, nikameza, kikatulia. Hapo ndipo nilipojua kweli vinafanya kazi.

Kwa hiyo ukituma, tuma kama vya mara ya mwisho. Sitaki kukusumbua.

Mama yako


27 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Sitaandika kwamba natumaini u mzima, kwa sababu sasa najua si mzima, na najua sababu.

Nilipopata barua yako nilikwenda dirishani kwa mfamasia wetu kununua maboksi kama kawaida. Ni mama mmoja wa makamo, miwani iko puani muda wote, na maneno yake ni machache. Aliangalia idadi niliyotaka, akaniangalia mimi.

"Unafungua duka?"

"Ni vya mama."

"Anavimeza au anavipanda?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Anameza mara ngapi?" Nikasema kila siku. "Tangu lini?" Tangu Januari. "Nani alimwambia ameze kila siku?"

Nikaanza kuhesabu upya pesa mkononi, mama. Akasema, "Haya. Nimeelewa."

Alivuta kiti akanieleza. Kichwa cha kubana kama chako ni cha kawaida. Mara nyingi kinatoka kwenye shingo na mabega ya mtu anayeinama, macho yanayojilazimisha, usingizi mbovu, kuruka chakula, kusahau maji. Kidonge siku moja moja hakina ubaya. Lakini dawa ya maumivu ikimezwa karibu kila siku kwa miezi, hasa hii yenye kafeini, kichwa kinaizoea. Ikianza kupungua mwilini, kichwa kinauma kwa kuikosa. Unameza, kinatulia, kesho kinauma tena kwa sababu ya kile ulichomeza jana. Akasema, "Hapo hamtibu kichwa tena. Mnakilipa ushuru."

Nilimsomea pale ulipoandika kuwa ulivikosa kwa siku mbili kikakasirika. Akavua miwani. Mama, niliposoma maneno yale mara ya kwanza nilifurahi. Nilidhani unavisifu.

Cherehani haizoei mafuta yake. Kichwa kinazoea. Mimi ndiye niliyekuandikia endelea hivyo hivyo, na kabla ya hapo nikakwambia usingoje. Ukaniamini kwa sababu nafanya kazi penye dawa. Mama, mimi nabeba maboksi. Najua boksi lipi linakaa rafu ipi. Sijui kilichomo ndani kinafanya nini kwa mtu, na sikumuuliza anayejua, naye amekaa hatua chache kutoka mezani kwangu.

Sasa nisikilize. Kwanza nenda zahanati, Redio akusindikize. Mtu wa umri wako ambaye kichwa kimeanza kumsumbua mwaka huu lazima apimwe presha na macho na aangaliwe vizuri, na hilo la tumbo uliseme pia, hata kama hawatauliza. Wakikubali, acha vidonge vyote. Mfamasia amesema nikwambie ukweli: kitazidi kuuma kabla ya kupungua. Siku kadhaa, pengine wiki au zaidi. Unaweza kutapika na kukosa raha. Baada ya hapo kinalegea. Kunywa maji, kula kwa wakati, lala na kuamka saa zile zile. Chai kali usiifanye badala ya vidonge. Weka kitambaa cha maji moto shingoni, na nyanyuka kwenye cherehani mara kwa mara hata kama shati halijaisha. Huko mbele siku kikikushika sana utaruhusiwa kumeza, si zaidi ya siku mbili katika wiki, na si vile vyekundu.

Lakini kikikupiga ghafla, kikali kuliko vyote ulivyowahi kuvijua. Au kikija na homa na shingo isiyoinama. Au mdomo, mkono au mguu ukilegea upande mmoja, maneno yakakuparaganyikia, macho yakafifia: usiniandikie barua. Redio apige kelele, hiyo kazi anaiweza, na ukimbizwe hospitali.

Safari hii Kipara hana mzigo wako. Alinyoosha mkono kama kawaida nikampa bahasha peke yake. Akasema, "Na boksi?" Nikamfungia mlango wa gari.

Nitaomba ruhusa nije.

Mwanao,
Kifungo


9 Juni

Kifungo,

Shikamoo yako imefika. Anayeandika ni mimi Redio. Mama yako amelala na kitambaa machoni, akiangalia karatasi anasema mistari inatembea. Ameniamuru niandike anayosema yeye tu, nisiongeze langu. Haya.

Mwanangu, mimi ni mzima. (Si mzima.)

Nilikwenda zahanati. (Nilimpeleka mimi, kwa kumvuta.) Daktari ni binti mdogo lakini ana adabu. Alinipima presha, akanimulika machoni, akanishika mikono akasema nimsukume, akaniambia nitembee kwa mstari ulionyooka. Nikamwambia mimi ni fundi, mstari ulionyooka ndiyo kazi yangu. Presha ni sawa. Hakuona jambo la kutisha. Alisema maneno yale yale ya mfamasia wenu, kama vile waliandikiana. Amenipa dawa ya tumbo na ya kichefuchefu, na kikaratasi cha kwenda kupimwa miwani. Amesema nisishone gizani.

Vidonge nimeacha. Siku ya kwanza nilisema, kumbe ndiyo hivi tu. Siku ya pili nikajua bado. (Siku ya tatu alilia. Anasema nisiandike hilo. Nimeshaandika.) Sasa ni afadhali. (Ametapika asubuhi hii. Amekunywa maji kidogo. Nimemfungia pazia, nimemkanda shingo, nimewafukuza wateja wawili, na mmoja nimemkosea adabu.)

Sare zimesimama. Mwalimu mkuu alikuja, akaona hali, akasema pole sana, kisha akachukua vitambaa vilivyobaki akampelekea fundi mwingine. Hakufanya vibaya. Watoto hawawezi kwenda shule vifua wazi.

Mwambie asijilaumu. (Anasema usijilaumu. Mimi sijasema.)

Mwambie hata mimi nina makosa. Nilikuwa naandika nafuu wakati hakuna nafuu. Mtu akiwa mbali unampunguzia. Nilipunguza hadi nikamwacha hajui kitu. (Hili ni lake, na ni kweli.)

Mwambie ile ruhusa, kama ni ngumu, asihangaike. (Hapa aligeukia ukutani. Nilidhani amelala. Nikawa nakunja karatasi, ndipo akauliza: Kipara anarudi lini?)

Mama yako,
kwa mkono wa Redio


24 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nasoma barua ya Redio kila siku na kila siku naanzia kwenye mabano.

Najua Kipara alikwambia nakuja Jumamosi. Alisema kweli. Ruhusa nilipewa, tena bila maneno. Meneja alisaini akaniuliza kwa nini sikuomba zamani. Begi lilikuwa limefungwa, liko chini ya meza.

Ijumaa mchana malori mawili yaliingia pamoja bila taarifa. Meneja akasimama mlangoni akasema, "Kifungo, sijui kama unaweza..." Sikumwacha amalize. Nikasema naweza.

Nimejiuliza kwa nini. Hakunilazimisha. Nadhani ni hivi: kwenye lori najua pa kuanzia. Katoni ya juu, kisha ya chini yake. Kwenye chumba ulicholala, na mimi ndiye niliyekulaza, sikujua ningeanzia wapi.

Jumamosi, saa ambazo ningekuwa nimefika kwako, nilijikuta nimeshika katoni tupu nafunga mzigo wako. Mikono ilianza yenyewe. Nimekata utepe, nimeandika jina lako, ndipo nikakumbuka sina cha kuweka ndani. Nimeweka mto wa shingo. Ni laini. Hauna maana yoyote, lakini niliona haya kufungua katoni niliyokwisha kuiandika jina.

Niandikie hali yako. Ukishindwa, mpe Redio. Yeye anaandika ukweli.

Mwanao,
Kifungo


20 Julai

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Mimi ni mzima. Safari hii naandika mwenyewe, hakuna mtu wa mabano.

Mto umefika. Redio ameulalia kwanza, anasema alikuwa anaujaribu.

Ile Jumamosi nilifagia chumba chako, nikatandika, nikaweka kiti mlangoni. Ilipofika jioni nikakirudisha kiti. Sikukasirika. Lakini kuna jambo nililolifanya siku hiyo, na nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu yake.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama Redio alivyoandika, na hakuandika yote. Ya pili ilikuwa na siku nzuri na siku mbaya zimechanganyika. Halafu asubuhi moja nikawa nasikia Redio anafagia nje, ule ufagio wake mgumu, kwaruu, kwaruu, na nikakaa kitandani nikimsikiliza muda mrefu kabla sijagundua kuwa sauti ile hainiumizi. Nikagusa paji la uso. Futi haipo. Hiyo ilikuwa kabla ya Jumamosi yako.

Ningeweza kukuandikia siku ile ile, Kipara alipita. Sikuandika. Alikuwa ameshaniambia unakuja, na nikasema moyoni, akisikia nimepona hatakuja. Kwa hiyo Jumamosi nilijifunga kitambaa, nikafunga pazia, nikalala nikikungoja na kichwa kisichouma. Redio akaingia, akasimama akaniangalia. "Mama Kifungo, unamwigizia nani?" Nikavuta shuka kichwani. Mtu mzima kama mimi, nimelala kitandani mchana, najifanya mgonjwa kwa mwanangu.

Nimefikiri sana tangu hapo. Nilipoandika kichwa kimepoa, barua yako ilichelewa, tena ikaja fupi. Nilipoandika kimeuma, ilikuja mbio, tena ndefu. Sisemi ulipanga. Ulikuwa na kazi, na mzima hakimbiliwi. Nasema tu kichwa changu kilijifunza haraka kuliko mimi. Na vile vidonge vya mchana, vile vya kurudia, vingine havikuwa vya maumivu hata kidogo. Boksi lilikuwa na mwandiko wako juu. Kimoja, baada ya kula. Nilikuwa nalisoma kila mara kabla ya kumeza, kama vile uko jikoni unaniambia. Kwa hiyo usibebe yote peke yako. Hata mimi mkono wangu umo.

Sasa nakuandikia ukweli mtupu. Kichwa hakiumi. Juzi kilibana kidogo, nikanyanyuka, nikanywa maji, nikazungusha mabega kama yule binti wa zahanati alivyonifundisha, kikaondoka bila kidonge. Nala kwa wakati, nalala kwa wakati. Miwani nimepata. Nimegundua Redio ana mvi, na nyumba ina vumbi. Mwalimu mkuu amesema oda ya mwakani ataniletea tena, ila atahesabu mikono. Cherehani nimeihamishia mlangoni, huko kuna mwanga, lakini upepo unanipeperushia vitambaa na kila apitaye ananisalimia, kwa hiyo nikiwa na kazi ndogo naishona chumbani hivyo hivyo.

Basi sina ugonjwa wa kukuitia. Sina shida ya kukutuma. Ukija, uje bure tu.

Mama yako


3 Agosti, juu ya cherehani

Mama,

Shikamoo. Nimefika, sikukukuta. Redio amenipa ufunguo na habari zote, pamoja na zile ulizomkataza. Anasema umekwenda kununua uzi na hukuwa na habari nakuja. Ni kweli, sikumwambia hata Kipara mpaka nilipopanda gari lake. Akaniuliza mzigo uko wapi. Nikamwambia mzigo ni mimi. Sikuleta kitu.

Nimeazima randa kwa seremala wa pale kona. Lile dirisha lilikuwa linashikwa na ubao mmoja tu, ule wa chini. Nimeubandua, nimeuranda ukingo, nimeurudisha, nimetia tone la mafuta yako ya cherehani kwenye bawaba. Sasa linafunguka kwa kidole. Cherehani nimeirudisha mahali pake, na mwanga unafika mpaka kwenye tundu la sindano. Nimejaribu kutunga uzi, nimeweza mara ya kwanza, mimi nisiyejua kushona.

Nilipoanza niliweka birika jikoni. Nilipomaliza lilikuwa halijachemka.

Hilo ndilo lililonikalisha kwenye kiti chako mpaka sasa. Uliniandikia habari za dirisha Februari, mstari mmoja juu ya vidonge, nami nikasoma vidonge.

Nimekwenda kurudisha randa. Nakuja. Safari hii ni kutoka kwa seremala tu.

Mwanao,
Kifungo